Usaili Nao ni Kipimo

Kila mwanafunzi aliyewahi kuingia maabara anajua kwamba mizani mbovu haitoi uzito wa kweli, hata msomaji wake awe hodari namna gani. Kanuni hiyo haikomei maabara. Mtu anapoitwa kwenye usaili wa kazi, yeye ndiye anayepimwa, na usaili ndio mizani. Inasikitisha, basi, kuona kwamba hata waajiri wanaoishi kwa sayansi hutumia mizani isiyokaguliwa.

Kampuni za huduma za teknolojia ni mfano ulio wazi. Kampuni ya namna hii huuza hasa kazi ya wataalamu wake: kuandika programu, kurekebisha mitandao, kulinda kumbukumbu za wateja. Nchini India, Tata Consultancy Services ilianzishwa mwaka 1968, na Infosys mwaka 1981 na wahandisi 7. Leo kila moja ina wafanyakazi zaidi ya 200,000. Mali ya kampuni hizo ni watu. Kosa katika kuwachagua ni hasara kwa kampuni, na ni dhuluma kwa kijana aliyestahili.

Kwa muda mrefu baadhi ya kampuni za Marekani ziliwapa wasailiwa mafumbo, kama kukadiria idadi ya mipira ya gofu inayoweza kujaza ndege. Mwaka 2013 Laszlo Bock, aliyekuwa mkuu wa masuala ya wafanyakazi katika Google, alieleza hadharani kwamba mafumbo hayo hayabashiri chochote.

Kipi basi kinachobashiri? Mwaka 2022 Paul Sackett na wenzake walichapisha uchambuzi wa tafiti nyingi zilizolinganisha alama za usaili na utendaji wa mtu kazini. Katika kipimo cha uhusiano, ambapo 0 ni kutokuwapo uhusiano na 1 ni uhusiano kamili, usaili wa mazungumzo yasiyo na mpango ulipata 0.19. Usaili wa utaratibu, ambao huwauliza wote maswali yale yale ya kazi na kuwapa alama kwa mwongozo uliopangwa mapema, ulipata 0.42.

Wapo wasaili wanaodai kwamba wao humtambua mtu kwa kumwona na kumsikia tu. Hao wakumbuke kwamba debe tupu haliachi kuvuma. Msemaji fasaha hupita, na mkimya awezaye kuitafuta kasoro ya programu mpaka aipate huachwa mlangoni.

Hata hivyo, 0.42 ingali mbali na 1. Usaili ulio bora kabisa nao hukosea mara nyingi. Kwa hiyo kijana aliyekataliwa hajathibitishwa kuwa hafai.

Waajiri wana wajibu wa kuacha mafumbo na kuuliza juu ya kazi yenyewe. Walimu nao wanaweza kuanza mapema: mwanafunzi aeleze hatua kwa hatua jinsi alivyolipata jibu, atafute kosa katika kazi ya mwenzake, na ajulishwe kabla ya jaribio alama zitatolewa kwa lipi. Aliyezoea kupimwa kwa haki ataitambua mizani mbovu atakapokutana nayo, na siku atakapokuwa msaili mwenyewe, hatampimia mwenzake kwa mizani hiyo.