Ndege wa Baharini Nao Wana Haki

Qur'ani Tukufu, katika Suratul An'aam, aya ya 38, inawataja ndege kuwa ni umma mfano wetu sisi wanaadamu. Mwenye kulizingatia hilo hawezi kumhesabu ndege kuwa kiumbe kisicho na haki. Wiki hii tunaitazama haki hiyo kwa mfano wa huko Uskoti.

Katika hori ya Forth kipo kisiwa cha mawe kiitwacho Bass Rock. Hapo huzaliana ndege weupe wakubwa, wenye ncha nyeusi za mbawa, ambao hata jina lao la kitaalamu, Morus bassanus, limetokana na kisiwa hicho. Hesabu ya mwaka 2014 ilipata viota zaidi ya 75,000. Kila jozi hutaga yai moja tu kwa msimu. Baba na mama hupokezana kulinda kiota na kwenda kuvua. Akifa mmoja wao, kinda huwa hatarini kufa njaa.

Katika bahari hiyo hiyo hujengwa mitambo ya kuzalisha umeme kwa upepo. Nia ni njema: kupunguza moshi unaoipasha joto dunia. Lakini je, ndege hupita juu ya mapanga ya mitambo hiyo, chini yake, au katikati?

Watafiti wa vyuo vikuu vya Leeds, Exeter na Glasgow waliwafunga ndege hao vifaa vidogo vyenye kuonesha mahali walipo kwa setilaiti, na kimo chao kwa kupima kanieneo ya hewa. Matokeo ya mwaka 2015 yalibainisha kuwa ndege anaposafiri huruka kiasi cha mita 12 juu ya maji. Anapotafuta samaki hupanda hadi kiasi cha mita 27, apate kupiga mbizi. Mapanga yaliruhusiwa kuanzia mita 22. Basi hatari humkuta pale anapoitafuta riziki ya kinda wake. Watafiti wakashauri mapanga yainuliwe hadi mita 30.

Hapa tunapata funzo. Uislamu umekataza kudhuru, na wema wa jambo hautuondolei wajibu wa kuyachunguza madhara yake kabla ya kulitenda. Huruma nayo huhitaji elimu: bila vipimo, nani angejua kuwa mita nane zina uzito huo? Tunawausia wazazi wawafunze watoto wao yote mawili, huruma na elimu.

Tunamuomba Allah atujaalie kuwa makhalifa waadilifu katika ardhi na bahari Yake. Amin.