Mtawa wa Ethiopia na piano yake: Diski iliyomtoa kimya

Huenda umemsikia bila kujua. Piano peke yake, inasita kidogo, kisha noti zinamwagika kama mtu aliyekumbuka jambo ghafla. Huyo ni Emahoy Tsegué-Maryam Guèbrou, mtawa wa Ethiopia aliyefariki Jerusalem Machi 2023 akiwa na miaka 99. Siku hizi vibao vyake vimejaa kwenye simu za vijana ambao hata jina lake hawawezi kulitamka. Kwani vilifikaje huko?

Ni kazi ya diski moja. Mwaka wa 2006 Mfaransa Francis Falceto alikusanya vibao 16 kutoka rekodi alizofanya Emahoy kati ya miaka ya 1960 na ya 1990, akavitoa kama toleo la 21 la mfululizo wa Éthiopiques. Mama wa watu alikuwa na miaka 82! Mfululizo huo ulijulikana zaidi kwa akina Mulatu Astatke na Mahmoud Ahmed, yaani saksofoni na raha za usiku za Addis Ababa. Sasa akaingia mtawa, hana bendi, hana mwimbaji.

Hapo ndipo wengi wakambandika jina la jazi. Jina hilo halimtoshi. Utotoni alisomea vayolini Uswisi, baadaye Cairo, na mafunzo hayo ya Ulaya yanasikika. Lakini chini yake kuna skeli za Kihabeshi za noti tano na nyimbo za kanisa za Mtakatifu Yared, alizozisomea Gondar.

Gondar ndiko pia alikoona wanafunzi wa nyimbo hizo wakilala nje kwenye malango ya kanisa, hawana chakula. Akaamua kutoa rekodi ili apate pesa za kuwasaidia maskini. Kwa hivyo tangu mwanzo muziki huu ulikuwa na kazi ya kufanya, na kazi hiyo ilihitaji mtu anunue diski. Leo tunauweka tu kwenye orodha za “muziki wa kusomea”, katikati ya piano nyingine zisizo na mwenyewe, na kila kibao kikichezwa kinaleta senti chache mno.

Falceto alimwokoa asisahaulike, hilo sibishani nalo. Ila simu imeshaanza kumsahaulisha upya, safari hii huku tukimsikiliza. Tafuta The Homeless Wanderer, weka vitabu kando kwanza.