Ashera Iliyokatwa Kuni

Makanisani mwetu kuna usemi uliozoeleka: muziki usio na maneno hauna ujumbe. Kwa usemi huo tunaruhusu na kwa usemi huo tunakataza. Kinanda kikipigwa taratibu wakati wa sadaka, tunasema ni utulivu tu. Kijana akisikiliza midundo ya hip-hop isiyo na mwimbaji, tunasema ni kelele tu, na tunamwonya. Sisi tunasema usemi huo ni wa uongo pande zote mbili, na umelitia kanisa uziwi. Ushahidi wetu tunautoa mbali, katika kazi ya mpiga santuri mmoja wa Marekani, kisha tutarudi nyumbani.

Mpiga santuri huyo ni Paul D. Miller, Mmarekani mweusi aliyezaliwa Washington, ajulikanaye kama DJ Spooky. Mwaka 2004 alianza kuonyesha jukwaani kazi aliyoiita Rebirth of a Nation, yaani kuzaliwa upya kwa taifa. Mwaka 2015 muziki wake ulitoka kama albamu, ukipigwa na Kronos Quartet, kundi la watu wanne wenye vayolini mbili, viola na selo. Nyuzi zinalia, midundo inapigwa chini yake, sauti inakatwa na kurudiwa. Hakuna mwimbaji anayetueleza la kufikiri. Hata hivyo ni kazi ya kisiasa kuliko hotuba nyingi, na mbele ya Mkristo ni zaidi ya siasa, kwa sababu inaugusa msalaba.

Tueleze. Mwaka 1915 D. W. Griffith alitoa filamu iitwayo The Birth of a Nation, yenye urefu wa saa tatu hivi. Inasimulia vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani na miaka iliyofuata, watumwa walipopata uhuru. Katika filamu hiyo watu weusi, wengi wao wakiigizwa na wazungu waliopakwa masizi usoni, wanaonyeshwa kuwa wajinga na wabakaji. Wakombozi ni Ku Klux Klan, wapanda farasi waliovaa kanzu nyeupe. Karibu na mwisho inatokea sura ya Kristo juu ya umati wenye furaha, kana kwamba Bwana wetu ameikubali kazi ya wale wauaji. Filamu hiyo ilionyeshwa hata katika Ikulu ya Marekani, wakati wa Rais Woodrow Wilson. Chama cha NAACP, kilichotetea haki za watu weusi, kiliipinga kwa nguvu, lakini kumbi ziliendelea kujaa.

Je, hadithi hiyo ilitoka wapi? Ilitoka katika riwaya ya mwaka 1905, na mwandishi wake, Thomas Dixon, alikuwa mchungaji wa Kibaptisti. Ule msalaba unaowaka moto, ambao dunia nzima inautambua kuwa alama ya Klan, haukuwa desturi ya Klan ya kwanza. Ni mchungaji aliyeuwasha kwanza katika kurasa zake. Mwaka huohuo wa 1915, Novemba, William Joseph Simmons, aliyewahi kuwa mhubiri wa Kimethodisti, alipanda na wenzake mlima wa Stone Mountain, Georgia, akawasha msalaba na kuifufua Klan iliyokuwa imekufa. Kwa hiyo mtu asituambie kwamba jambo hili ni la wapagani wa Hollywood. Wino wake ulitoka mimbarani.

Sasa tuutazame ule usemi wetu. Filamu ya Griffith haikuwa na sauti. Waigizaji walifungua vinywa na hakuna kilichosikika. Maandishi mafupi tu yalipita kwenye pazia. Kilichowainua watu vitini kilikuwa muziki. Okestra ilikaa ukumbini ikapiga, na Klan walipotoka mbio na farasi zao, ulipigwa muziki wa Wagner, wenye tarumbeta za vita. Mioyo ya watu ikaenda mbio pamoja na farasi. Hakuna aliyewaambia kwa mdomo: wapendeni hawa, wachukieni wale. Ala ziliwaambia, nao wakatii. Kama muziki usio na maneno hauna ujumbe, basi ule umati ulishangilia nini?

Miller alilijua hilo. Hakuichoma ile filamu, wala hakuandika wimbo wa kuilaani. Aliichukua akaitenda kama mpiga santuri anavyoitenda sahani yake. Ufundi huo una historia. Mwaka 1973, katika mtaa wa Bronx, New York, DJ Kool Herc, kijana aliyehamia kutoka Jamaika, alitumia mashine mbili na nakala mbili za santuri ileile ili kile kipande kifupi cha ngoma kisiishe. Baada yake Grand Wizzard Theodore akasifika kwa kuikwaruza santuri chini ya sindano hadi mkwaruzo wenyewe ukawa ala. Msingi wa yote ni mmoja: kilichorekodiwa si lazima kiende kama mwenye kukitoa alivyopanga. Mkono unaweza kukishika, kukisimamisha na kukirudisha nyuma.

Ndivyo Miller alivyofanya na picha za Griffith. Alizikata, akazirudia, akazitandaza kwenye mapazia matatu, akachora mistari juu ya watu waliomo. Na zile tarumbeta za ushindi akaziondoa. Mahali pake pana nyuzi zenye wasiwasi na midundo isiyokimbia na farasi. Ghafla mpanda farasi mwenye kanzu si shujaa tena. Ni mtu aliyejificha uso, na mtazamaji anajiuliza anaficha nini. Picha ni zilezile, lakini utukufu umevuliwa. Hiyo ndiyo siasa ya albamu hii, nayo imetendeka bila neno.

Wapo watakaotupinga. Wa kwanza atasema: huyo si mwenzetu, albamu yake haimtaji Yesu. Ni kweli, nasi hatumfanyi nabii. Lakini Griffith alimweka Yesu kwenye pazia, na tumeona alivyomtumia. Kulitaja Jina si kulitukuza. Wa pili atasema: kuchukua kazi ya mtu na kuikatakata ni wizi na uharibifu. Wa tatu atasema: mbona kulifufua ovu la miaka mia? Angeliacha lioze.

Hao wawili tunawapeleka kwa Gideoni. Bwana alipomwita, kazi ya kwanza haikuwa kupigana na Wamidiani. Aliagizwa abomoe madhabahu ya Baali, aikate Ashera iliyokuwa kando yake, na miti ya Ashera hiyohiyo iwe kuni za sadaka ya kuteketezwa kwa Bwana. Haikutupwa porini ioze, maana ikitupwa porini kesho mtu ataiokota na kuisimamisha tena. Iliwashwa mbele ya watu ikawa kitu kingine. Na tusisahau madhabahu ile ilikuwa ya nani. Ilikuwa ya baba yake. Kwa ajili hiyo Gideoni aliifanya kazi ile usiku, kwa kuwaogopa watu wa nyumba yake mwenyewe, na asubuhi watu wa mji walitaka auawe. Walimwona yeye kuwa mharibifu, wala hawakuuliza Baali alikuwa akitafuta nini nyumbani mwa Yoashi.

Hapa ndipo hoja yetu inaporudi nyumbani. Tusiseme kwamba hayo ni ya Wamarekani. Mwaka 1994, katika Rwanda jirani yetu, watu walikimbilia makanisani wakauawa humo, Ntarama, Nyarubuye na kwingineko, na wengi wa waliowaua walikuwa wamebatizwa. Redio ya RTLM ilichanganya muziki wa kupendeza na maneno ya kuua, ili masikio yafunguke kwanza kwa raha. Na mwaka 2003, Arusha, mahakama ya kimataifa ilimtia hatiani mchungaji kwa kushiriki katika mauaji hayo. Msalaba ulikuwa ukutani. Haukuwazuia, kwa sababu ulikuwa umekwisha kuzoezwa kunyamaza.

Na leo je? Mgombea anapoingia kanisani ibada ikiwa katikati, mhubiri hukatizwa, na kabla mtu hajasema neno, kinanda huanza. Kwaya husimama. Ngoma hupigwa kwa namna ambayo mjane aliyeleta sadaka yake hajawahi kupigiwa. Hakuna maneno bado, lakini kila mtoto aliyeketi pale ameelewa nani ni mkubwa katika nyumba hii. Kisha mzee yuleyule wa kanisa aliyekiashiria kinanda kianze humwita kijana pembeni na kumwambia aache muziki wake wa kidunia usio na ujumbe. Sisi tunamuuliza mzee wetu, kwa heshima zote: kati ya midundo hiyo miwili, upi ulimshusha mwenye kiburi, na upi ulimpandisha?

Hatusemi hip-hop iletwe madhabahuni, wala hatusemi kila mpiga santuri anafanya kazi ya Mungu. Wengi wanatafuta fedha na makofi, kama baadhi ya wanakwaya wetu. Tunasema kanisa lijifunze kusikia. Tuketi na vijana wetu, tusikilize wanachosikiliza, tuwaulize kinamtukuza nani na kinamdharau nani. Kisha tuwaruhusu watuulize hayohayo kuhusu vinanda vyetu, mapambio yetu, na picha zetu za Yesu zilizotundikwa ukutani. Wakiuliza tusikasirike.

Mchungaji aliandika, mtengeneza filamu akapiga picha, okestra ikapiga muziki, mhubiri wa zamani akawasha moto mlimani. Mnyororo huo ulipita mikononi mwa watu wa kanisa, na ilipita karibu miaka 90 kabla ya mpiga santuri kuiweka filamu ile chini ya mkono wake na kuisimamisha. Kazi hiyo ilikuwa yetu. Ashera bado ziko, nyingine ziko uani kwa baba zetu, na shoka tunalo. Tusingoje wageni waje kutukatia kuni.