MAONGEZI YA NYUMBANI: Taabu Zinazowapata Waaminio



Swali la mwezi huu si geni. Tumeulizwa na walimu, tumeulizwa na akina mama, na mara nyingine tumeulizwa na watu wasiotamka neno, ila walituangalia tu tulipokuwa tukirudi kutoka makaburini. Nalo ni hili: ikiwa Mungu ni Baba, mbona awaacha watoto wake wapatwe na taabu? Mtu ameuacha uganga, amezitupa hirizi, amebatizwa yeye na nyumba yake; kisha mwaka haujaisha, mtoto amekufa, au mume yu kitandani hajiwezi, au shamba limekauka. Jamaa zake walioshika mila za kale hunong'ona kwamba mizimu ya wazee imekasirika. Na Wakristo wenzake, ambao ndio wangalimfariji, nao wana lao: huulizana kwa siri ni dhambi gani iliyositirika katika nyumba ile. Hivyo mtu yule apigwa huku na huku. Na pande zote mbili, ukizisikiliza vizuri, zanena jambo lile lile, kwamba aliyepatwa na msiba ndiye aliyeuleta.

Jambo hilo Bwana wetu alilikataa, wala si mara moja. Mnara wa Siloamu ulipowaangukia watu 18 na kuwaua, aliwaambia waliokuwapo kwamba wale hawakuwa wakosaji kuliko wengine waliokaa Yerusalemu. Tena wanafunzi walipomwona mtu aliyezaliwa kipofu, wakataka kujua ni dhambi ya nani, yake au ya wazazi wake, yeye hakukubali hili wala lile. Sura hizo (Luka 13 na Yohana 9) twazisoma kanisani, na tukiisha kutoka mlangoni twazisahau.

Hatusemi kwamba dhambi haina matunda machungu. Mlevi akipoteza kazi yake, hahitaji nabii wa kumweleza sababu. Lakini kutoka hapo mpaka kwenye kaburi la mtoto ni mwendo mrefu, wala hakuna aliyetutuma kwenda.

Na tutazame habari ya watu wawili ambao hakuna awezaye kuwaita vuguvugu katika imani. Johann Ludwig Krapf alikuwa Mjerumani, ametumwa na chama cha Kiingereza, Church Missionary Society. Mwaka 1842 alimwoa Rosine Dietrich. Mwaka uliofuata, walipokuwa njiani wakijaribu kuingia Uhabeshi, Rosine alijifungua nyikani kabla ya siku zake. Mtoto yule wa kike aliishi kitambo kidogo tu. Wakampa jina Eneba, maana yake chozi, wakamzika huko huko.

Hawakurudi kwao. Januari 1844 walifika Unguja, kisha wakahamia Mombasa. Mwezi wa Juni Krapf akaanza kukifasiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, akisaidiwa na kadhi wa mji ule (wema wa jirani asiye wa dini yetu nao usisahauliwe). Haukupita mwezi mzima ila homa iliingia nyumbani. Rosine alikuwa amejifungua tena mtoto wa kike. Naye Krapf mwenyewe alikuwa hoi, hata kusimama ni shida. Tarehe 13 Julai Rosine akafa, na baada ya siku chache mtoto akamfuata. Walizikwa bara, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa. Basi, mtu aliyekuja kuleta habari njema katika pwani hii alichimbiwa kaburi kabla hajapata mwanafunzi hata mmoja.

Wako wahubiri wapendao kuimaliza hadithi hii upesi. Husema: tazameni, Krapf alibaki, Rebmann akaja mwaka 1846, misheni ya Rabai ikaanzishwa, sarufi ya Kiswahili ikapigwa chapa mwaka 1850, na kamusi yake kubwa ikatoka mwaka 1882, mwaka mmoja baada ya kufa kwake, kwa hiyo msiba ule ulikuwa na faida. Mambo hayo yote ni kweli, nasi tunaosoma na kuandika Kiswahili tuna deni kwa mtu huyu. Lakini sisi hatuthubutu kusema kwamba Rosine alikufa ili kamusi ipatikane. Mungu si mfanyabiashara auzaye kitabu kwa bei ya mama na mtoto. Kwamba aweza kuotesha kitu juu ya kaburi, hilo twaliamini kwa moyo wote. Bali kwamba alilihitaji kaburi ili aoteshe, hilo hakutuambia.

Krapf mwenyewe aliwaandikia waliomtuma kwamba kaburi lile ni ishara ya kuwa vita vimeanza katika sehemu hii ya dunia, na kwamba wasirudi nyuma. Lakini angalieni ni nani asemaye. Ni mume wa marehemu. Yeye alikuwa na haki ya kusema hivyo, maana alilipa. Ndivyo ilivyo hata katika Maandiko. Paulo ndiye asemaye juu ya mwiba wake mwenyewe, alioomba mara tatu uondolewe usiondolewe, kwamba udhaifu umemfundisha neema. Hasemi juu ya mwiba wa jirani. Faida ya taabu aijua aliyeipitia, tena mara nyingi huijua baada ya miaka mingi, na wengine hawaijui kabisa hata siku ya kufa. Sisi tulioketi salama tukimpelekea faida hiyo mlangoni siku ya tatu ya kilio, twampelekea jiwe badala ya mkate.

Rafiki zake Ayubu ni mfano wetu katika hili, kwa uzuri na kwa ubaya. Walipofika waliketi pamoja naye chini siku saba, mchana na usiku, wala hawakunena neno. Wangaliondoka siku ya nane tungaliwasifu mpaka leo. Lakini walifumbua vinywa, wakaanza kumtafutia Ayubu dhambi, sura baada ya sura. Mwisho wa yote Mungu aliwakasirikia wao waliomtetea, na akamkubali Ayubu aliyelalamika mbele zake. Jambo jingine tusilipite: sisi wasomaji twaijua sababu ya mateso yale, kwa kuwa imeandikwa katika sura mbili za kwanza. Ayubu hakuambiwa kamwe. Alirudishiwa mali, akapewa wana wengine, lakini sababu hakupewa.

Hata hivyo, kutojua kusudi la Mungu si ruhusa ya kukunja mikono. Siku za Krapf watu walidhani homa yatoka katika hewa mbaya ya mabwawa. Mwaka 1897 ndipo Ronald Ross, daktari Mwingereza aliyekuwa India, alipovumbua vimelea vya malaria ndani ya mbu. Sasa mzazi Mkristo aliye na chandarua sandukuni, akakiweka kwa ajili ya wageni, kisha mtoto akaugua, naye akasema ni mapenzi ya Mungu, huyo amemtwika Mungu kazi ya mbu. Ziko taabu zinazotakiwa kuvumiliwa, na ziko nyingine zinazotakiwa kupelekwa kwa daktari asubuhi hii hii.

Kwenu ninyi walimu twasema kwa wazi zaidi, kwa kuwa ninyi ndio huitwa kwanza. Mfikapo katika nyumba ya msiba, msianze kueleza. Bwana Yesu alijua kwamba atamfufua Lazaro, naye bado alilia pamoja na dada zake. Hakumwambia Mariamu anyamaze kwa kuwa mambo yatakuwa mema. Ketini. Wanawake wa kanisa na wateke maji, vijana na wapasue kuni, na watoto wa marehemu walishwe na mtu awaye yote asiyengoja kuombwa. Mwenye msiba akiuliza sababu, mwambieni kweli kwamba hamwijui. Akimlalamikia Mungu, msimkemee, maana analalamika mahali panapopasa.

Na mkiombwa kusoma, wengi wenu hukimbilia Zaburi za furaha. Jaribuni siku moja Zaburi ya 88. Ni sala ya mtu aliyemlilia Mungu mchana na usiku asione jibu, na tofauti na nyingine haigeuki kuwa sifa mwishoni, yakwisha gizani. Waliokusanya Zaburi waliiacha hivyo hivyo, katikati ya kitabu cha sala. Someni polepole, kisha mfunge kitabu, mkae tena kidogo kabla ya kuaga.