Mgeni wa Siku 30

Wiki iliyopita kwenye kipindi niligusia tangi langu la samaki kwa sekunde kumi tu, na meseji zenu mpaka leo hazijaisha. Nusu yenu mnauliza samaki hao wanaitwaje kwa Kiswahili. Nusu nyingine mnauliza kwa nini nilisema niliwaua mwenyewe. Haya, leo nawajibu yote mawili.

Tangi ni la maji ya chumvi, lita 600, limekaa sebuleni kwetu hapa Reading. Nililianza kama burudani yangu ya baada ya kazi, lakini tangu Mama atutoke, mwenye tangi ni Baba. Asubuhi anavuta kiti, anashika kikombe chake cha chai, anakaa mbele ya kioo. Mzee amezaliwa pwani ya kusini ya Kenya na babake alikuwa mvuvi, kwa hiyo majina yote anayo kichwani. Yule wa manjano mwenye miba mgongoni, ambaye dukani wanamwita kwa jina la mbweha, Baba alimtazama mara moja akasema, "Huyu si tasi huyu? Kwetu tunamla." Na kweli, ni ukoo mmoja na tasi wa nyumbani. Kulikuwa na kitatange mdogo, mgongo wa rangi ya moto, wa huko huko pwani ya Afrika Mashariki. Na wale wawili wa machungwa na mistari myeupe, ambao wajukuu wake wanawaita Nemo na yeye akakubali yaishe.

Basi, Idi ikakaribia. Dukani nikamwona kangaja wa buluu, uso mweusi, pezi la juu la manjano. Mwenye duka akaniambia ametoka Kenya. Moyo ukaruka. Nikasema, huyu ndiye zawadi ya Baba.

Sheria naijua. Samaki mpya anakaa peke yake kwanza, kwenye tangi lake, wiki kadhaa. Isitoshe mimi ni mfamasia jamani, kila siku nawaambia watu wamalize dozi. Lakini Idi ilikuwa kesho kutwa, na samaki alikuwa anakula vizuri, ngozi safi. Nikamtia moja kwa moja. Siku ya Idi Baba alimwona, akacheka mpaka akapangusa macho. Sitasema uongo, ilikuwa siku nzuri.

Siku ya tano, madoa meupe, kama mtu kamnyunyizia chumvi. Siku ya nane madoa hayapo. Nikashusha pumzi. Na hapa ndipo wengi tunapodanganyika, kwa hiyo nisikilizeni.

Kimelea hiki kinaitwa *Cryptocaryon irritans*. Kinakaa ndani ya ngozi na matamvua ya samaki siku chache, kinakula, kinanenepa, kisha kinajiangusha chenyewe. Samaki anaonekana amepona. Kumbe kimeshuka kwenye mchanga na mawe, kikajifungia ndani ya kijifuko kigumu, na humo kinagawanyika. Kijifuko kimoja kinaweza kutoa vitoto mamia. Vikitoka, vina siku moja au mbili tu za kumpata samaki, la sivyo vinakufa. Baharini, kumpata ni bahati nasibu. Kwenye tangi la lita 600, samaki ataenda wapi?

Wiki ya tatu vilirudi kwa wingi. Kangaja akaanza kuhema juu juu, akafa. Kitatange akafuata, kisha tasi. Baba alisema tu "Inna lillahi," akarudisha kiti mezani. Hakunilaumu hata kwa neno moja, na hilo ndilo lililonichoma zaidi.

Wale wawili wa machungwa niliwatoa nikawatibu stoo. Tangi kubwa likabaki bila samaki hata mmoja kwa siku 76. Kwa nini 76? Vijifuko havitoki vyote kwa pamoja. Vingi hupasuka ndani ya wiki chache, lakini vimewahi kuonekana vinavyotoa vitoto hata siku ya 72. Ukirudisha samaki mapema, umevipikia na kuvipakulia. Baba alikuwa anakata siku kwa kalamu nyekundu kwenye kalenda ya msikitini.

Sasa, kwa wale mnaotaka kufuga, tangi la karantini halina ufahari wowote. Langu ni la lita 80, liko stoo. Lina hita, chujio la sponji, na vipande vya bomba la plastiki vya kujifichia. Mchanga na mawe usitie, vinanyonya dawa. Sponji iweke kwenye tangi kubwa wiki kadhaa kabla, ishike bakteria wazuri, na ikishaguswa na dawa isirudi huko tena. Bila bakteria hao, amonia itamuua mgeni kabla ya ugonjwa. Ipime kila siku.

Dawa yenyewe ni shaba, siku 30 kwa kipimo kisichoshuka. Shaba haiui kimelea kilichojificha ndani ya ngozi wala kilicho kwenye kijifuko. Inakiua kinapoogelea huru tu, ndiyo maana kipimo kikishuka siku mbili umeanza upya. Ziko aina tofauti za shaba na vipimo vyake havifanani, kwa hiyo fuata karatasi ya dawa uliyonunua, na nunua kifaa cha kuipima. Usiitie kamwe kwenye tangi kubwa, maana inaua kamba, konokono na matumbawe. Na wavu na ndoo za stoo zibaki stoo. Tone moja la maji linatosha kubeba balaa.

Minyoo bapa ya kwenye matamvua shaba haiiwezi. Hiyo inataka prazikwanteli. Ndiyo, ile ile wanayopewa watoto wa shule nyumbani kwa ajili ya kichocho. Nilipomwambia Baba akasema, "Kumbe samaki naye anameza vidonge vyetu!"

Mliopelekwa Zanzibar mkiwa wadogo, bila shaka mlipanda boti kwenda kulisha makobe wa Changuu. Watalii wanakiita kisiwa cha gereza, lakini gereza lile halikupata wafungwa. Liligeuzwa kituo cha karantini, abiria wa meli wakakaa pale kwanza kabla ya kuingia mjini. Na jina lenyewe husemekana limetokana na samaki changu. Wazee wetu walilijua jambo hili zamani. Sisi tunasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kwenye tangi langu siku hizi mgeni anakaa 30 za dawa, kisha wiki mbili za kutazamwa bila dawa, ndipo jembe.

Mwezi uliopita nimeleta kitatange mwingine. Nikamwambia Baba, samahani, huyu hutamwona sebuleni mpaka mwezi ujao. Hakujibu kitu. Asubuhi nashuka kumwamkia, kiti chake hakipo mbele ya kioo. Nikamkuta stoo, katikati ya mashine ya kufulia na magunia ya mchele, kikombe mkononi.

"Shikamoo Baba. Mbona huku kwenye baridi?"

"Marahaba mwanangu. Mgeni haachwi peke yake."

Nimemnunulia hita ya chumba. Leo ni siku ya 19.