UKUTA WA NYUMA YA MENI SWICHI SI MAHALI PA UREMBO

Ndugu wanakijiji, ndugu wanaushirika,

Tumesikia mapendekezo ya ukarabati wa ofisi na ghala letu la tumbaku. Mengi ni mazuri na tunayaunga mkono. Lakini lipo moja tunalolipinga waziwazi: ule ukuta wa pembeni ya mlango, ambapo mita ya LUKU na meni swichi zitafungwa, eti ufunikwe kwa mbao laini, na juu ya mbao zipachikwe zile paneli za plastiki zenye maua. Sababu tuliyopewa ni kwamba ukuta wa tope unatia aibu mbele ya wageni.

Aibu ipi? Hii ni kasumba. Wakubwa wetu wa Unyanyembe walijenga matembe kwa udongo huuhuu, kuta nene, dari la udongo, na misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji ikapumzika humo na mali zake zote. Asiyeamini apande baiskeli mpaka Kwihara akaone tembe alilokaa Livingstone mwaka 1872, siku hizi ni makumbusho. Udongo hauungui. Ndiyo sifa yake ya kwanza, na sisi tunataka kuuficha nyuma ya kuni!

Tuelezane hatari inatoka wapi, maana wengine wanadhani umeme unaunguza nyumba kwa shoti tu. Sivyo. Adui mkubwa ni skrubu iliyolegea. Waya usipokazwa vizuri kwenye swichi, umeme unapita kwa shida, na pale unapopita kwa shida panapata moto. Birika moja la umeme la wati 2,000 linavuta karibu ampia 9. Hizo zote zikipita kwenye skrubu legevu, pale mahali panachemka kidogo kidogo, leo, kesho, mwezi mzima, na sakiti breka haijui lolote kwa sababu umeme haujazidi kiwango chake. Boksi linaanza kuyeyuka. Sasa swali: nyuma ya boksi kuna nini? Kama ni plasta ya saruji, utasikia harufu, utaona weusi ukutani, utamwita fundi. Kama ni mbao kavu za kiangazi chetu cha mwezi wa tisa, jamani, mnajua wenyewe mbao hizo zinavyowaka jikoni.

Na hiyo plastiki? Inaanza kulainika hata kabla ya joto la maji yanayochemka, na ikiungua hutoa moshi wenye asidi unaokaba koo. Mtu aliyelala anaweza kumalizwa na moshi kabla moto haujamfikia. Katika ghala ni balaa jingine. Marobota ya tumbaku yamefungwa kwa magunia ya juti, yamepangwa mpaka juu. Jasho la kaya zote za kijiji hiki, tangu kitalu mpaka bani, linakaa hatua tatu kutoka kwenye ukuta huo.

Tena tusisahau mchwa. Huku kwetu ubao ulioegemea ukuta wa tope ni chakula chao. Watapanda kwa nyuma bila kuonekana, watabeba udongo mbichi mpaka ndani ya boksi, na skrubu zilizoshika ubao zitabaki zimeshika unga.

Wapo waliotujibu kwamba ukuta wa tope unatoa vumbi na haushiki skrubu. Hapo wanasema kweli, na hatuwabishii. Lakini dawa ya ukuta dhaifu siyo kuuvalisha nguo. Dawa ni kujenga nguzo fupi ya matofali ya kuchoma kuanzia sakafuni, ikiegemea ukuta, upana wa kutosha boksi na mita na nafasi kidogo kila upande, kimo kupita kichwa cha mtu. Ipigwe plasta, debe moja la saruji kwa madebe manne ya mchanga, imwagiwe maji kwa wiki moja, ikauke, ndipo fundi atoboe. Kupiga plasta ya saruji moja kwa moja juu ya tope ni kupoteza saruji, itabanduka. Tunajua matofali ya kuchoma yanakula miti, na mabani yetu yamekwisha kula ya kutosha, ila matofali ya nguzo moja si tanuri zima.

Wengine wametaja bati. Ni kweli bati haliungui. Lakini makali yake yakikwangua waya, na kama bati halikuungwa na arthi, bati lote linakuwa na umeme, na mtoto akiligusa hatuna la kusema. Jipsamu ni nafuu kuliko mbao, kwa sababu karibu sehemu moja ya tano ya uzito wake ni maji yaliyofungwa ndani, na hayo huchelewesha moto. Ila haipendi unyevu wala haibebi uzito wa boksi. Na yule aliyesema tuchukue vipande vya mabati ya asbesto yaliyong'olewa kwenye majengo ya zamani, tunamwomba aache kabisa. Asbesto haiungui, ndiyo, lakini ukiitoboa vumbi lake linakaa kwenye mapafu na huleta kansa miaka mingi baadaye.

Haya tunayosema kuhusu ghala yanahusu na nyumba zetu. Tangu REA walipotuletea nguzo, tumelipa shilingi 27,000 za kuunganishiwa, tukashangilia, haki yetu. Kisha mama mmoja anafunika meni swichi kwa kitambaa cha kufuma, baba mwingine anatundika juu yake kalenda na koti la mvua. Hata nyumba ya chumba kimoja yenye kile kifaa cha UMETA utakuta kimezibwa na gunia la mahindi. Boksi liachwe wazi, lionekane, lifikike gizani bila kuruka kitanda.

Kwenye mkutano mkuu ujao sisi tutapiga kura ya hapana kwa mbao na plastiki. Tunataka muhtasari uandikwe hivi: nguzo ya matofali ya kuchoma yenye plasta, fundi mwenye leseni ya EWURA, arthi ipimwe kiangazi udongo ukiwa mkavu, na marobota yasisogee karibu na ukuta huo. Mbao ambazo zimekwisha nunuliwa zipelekwe shuleni zikatengenezwe madawati. Darasa la tatu bado wanakaa chini.