Vifuniko vya Chupa

Ukipita nyuma ya kilabu cha pombe utaona vifuniko vya chupa vimetapakaa. Watoto huviokota wakahesabie shuleni. Sisi wakubwa twavikanyaga tu.

Basi yuko fundi mmoja, El Anatsui, aliyezaliwa Anyako, nchi ya Ghana, mwaka 1944. Tangu 1975 alifundisha sanaa katika chuo kikuu cha Nsukka, Nigeria. Alichonga mbao, akafinyanga udongo. Hata mwishoni mwa miaka ya 1990 akaokota mfuko wa vifuniko vya chupa za pombe kali.

Havipaki rangi. Yeye na wasaidizi wake huvibapa, huvikunja, huvitoboa, kisha huvishona kwa waya mwembamba wa shaba. Vipande huungwa na vipande mpaka ipatikane shuka ya kufunika ukuta mzima, nyekundu na manjano, rangi zile zile za kiwandani. Nayo hulegea kama nguo: kila inapotundikwa yaweza kupewa mikunjo mipya. Mwaka 2015 alipewa Simba wa Dhahabu kule Venice, Italia, kwa kazi ya maisha yake.

Lakini kwa nini vifuniko vya pombe? Kwa sababu zamani Wazungu walileta pombe kali pwani ya Afrika Magharibi, na watu wakauzwa utumwani kwa kubadilishwa nayo. Mimi nilipoiona picha mara ya kwanza nilidhani ni dhahabu, nikamwita mke wangu aje aone. Nilipokwisha kumweleza ni nini, alinyamaza, akaitazama tena.